Tangi Lililokorogwa

Jumapili, 26 Mei

Asubuhi nimeiona pumzi yangu mwenyewe jikoni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Miaka mingine ningeilaani baridi. Mwaka huu nimeingoja kama bondia anavyomngoja mpinzani aliyezoea kumtukana magazetini.

Naanza shajara hii ili kipupwe kikiisha nisibuni kumbukumbu. Najua upande wa pili watasema ilikuwa bahati. Nitawasomea humu ukurasa kwa ukurasa.

Mambo yako hivi. Chini ya bustani ya nyumba ya wazee anakoishi mama yangu kuna tangi la zege, limekwenda chini kama ghorofa mbili zilizozikwa. Limejaa maji. Msimu mzima wa jua paneli za juu ya paa zimekuwa zikiyapasha maji hayo, na leo pale juu kabisa yamefika nyuzi themanini na nne. Chini kabisa ni baridi, na ndivyo ninavyotaka. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hukaa chini. Hayagombani, ilimradi asitokee wa kuyakoroga. Tunachota juu, tunapasha vyumba, tunarudisha chini. Nimefundisha hayo chuo kikuu nusu ya maisha yangu, na bado naweza kumweleza jirani huku nakata vitunguu.

Boila ya dizeli iliyokuwa ikiwafukiza wazee wale iling'olewa mwezi Machi. Niliing'oa mimi, kwa kalamu. Nilishambulia gazetini wiki baada ya wiki. Profesa mwenzangu wa idara, niliyembandika jina Bwana Dizeli likamganda, aliandika kwamba boila ibaki angalau kipupwe kimoja, iwe tahadhari. Nikamjibu: "Anayeacha mguu mmoja kwenye moshi hajatoka jikoni." Watu waliipenda sana sentensi ile. Boila ikaenda kuwa chuma chakavu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemkuta Mama amevua sweta. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo anasomewa na jirani yake wa kitanda, bibi mmoja aliyefundisha shule ya msingi hadi kustaafu. Nyumba nzima wanamwita Mwalimu, na wanamwogopa.

"Mwanangu, leo nimetoka jasho," Mama akasema. "Jasho, mwezi wa sita! Mwambie huyo Dizeli wako aje anipepee."

"Dizeli wako, Dizeli wako," Mwalimu akadakia. "Kila makala lazima amtaje. Mwisho tutadhani anamtaka."

"Anataka kumshinda, siyo kuolewa naye."

"Wengine huanzia hapo hapo."

Wakacheka hadi Sista, muuguzi mkuu anayeiendesha nyumba ile, akaja kuuliza nani amezidiwa.

Jumamosi, 8 Juni

Sherehe ya uzinduzi. Wageni, viti vya kukodi, keki. Nilizungumza bila karatasi, na nilijisikia kuwaka. Nilisema joto si zawadi ya waliobahatika kukaa karibu na jiko. Nilisema nyumba hii haitakuwa na vyumba vya mbele na vyumba vya nyuma, kila mzee atapata sawa, na hakuna tone la maji litakalokaa bure humo ardhini huku mtu anatetemeka. Makofi. Sista alifuta machozi kwa kitambaa cha kaunta.

Bwana Dizeli alikuja. Alisimama nyuma kabisa, hakupiga makofi, akala keki vipande viwili.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Juni

Sista alinipokea mlangoni akiwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Karibu Profesa. Tumegawa."

"Mmegawa nini, Sista?"

"Joto. Wale wa vyumba vya nyuma walilalamika Jumamosi ile ile, kwamba hotuba ni nzuri lakini kwao mabomba ni ya baridi kidogo. Nikashuka kwenye chumba cha mitambo. Nikaona kwenye skrini: juu pekundu, chini bluu. Nikasema, si ndiyo haya aliyosema Profesa? Nusu ya maji yamekaa bure. Nikafungua vali ya chini, nikawasha ile pampu kubwa ya msimu wa jua, ikazunguka mpaka leo asubuhi. Sasa yako sawa kabisa. Njoo uone."

Nilikwenda nikaona. Skrini ilikuwa ya rangi moja kutoka juu hadi chini, rangi ya papai bovu. Nyuzi arobaini na tano kila mahali.

Mabomba mapana ya ukutani katika nyumba ile ni ya zamani, yalitengenezwa kwa ajili ya boila. Yanataka maji ya nyuzi sitini ndipo chumba kipate joto. Ukiyapa arobaini na tano yanakuwa kama mkono wa mtu anayekupa pole bila kukujua.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu hayajamwagika! Yako yote palepale, na joto lake lote limo. Ukipiga hesabu ya jumla hakijapotea hata kijiko. Limechanganyika tu. Lilikuwa joto linaloweza kazi, sasa ni joto lisiloweza kitu, na hakuna mkono, hakuna mashine iliyomo ndani ya jengo hili, inayoweza kulirudisha juu na baridi chini. Jua pekee ndilo linaloweza, na jua limekwenda zake.

Mtu atauliza: vali haikuwa na kufuli? Haikuwa. Niliandika makala nzima kudai mitambo ya umma isifichwe nyuma ya kufuli na nywila, iwe mikononi mwa wanaoitumia. Sista anaitunza makala ile. Ameibandika ukutani, juu ya pampu.

Sikumpigia kelele. Nilifungua mdomo, nikaona uso wake unangoja sifa, nikaufunga.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimepiga kelele. Si kwake, kwa ukuta wa ofisi yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Hita za umeme: fundi umeme amejaribu nane tu, fyuzi zikakatika jengo zima, mashine ya oksijeni ya mzee mmoja ikanyamaza, na wauguzi wakakimbizana gizani. Basi. Nyaya za nyumba ile ni za enzi ya taa na redio. Boila mpya: muuzaji anasema itafika Septemba, maua yakiwa yamechanua. Pampu ya joto, ambayo ingeweza kuyachukua maji haya ya uvuguvugu na kuyapandisha: Septemba vilevile. Majiko ya mkaa ndani ya vyumba vilivyofungwa: hapana, hayo yanaua usingizini. Paneli: mawingu yametua juu ya paa kama kuku anayeatamia.

Hakuna. Nimeandika neno hilo, nalitazama. Sikumbuki lini niliandika sentensi ya neno moja bila kumshambulia mtu.

Jumamosi, 15 Juni

Arobaini na tatu. Mawingu.

Jumapili, 16 Juni

Mawingu.

Jumatano, 19 Juni

Kaka amekuja na gari kumchukua Mama. Kaka yangu ana duka la matairi, nyumba yenye jiko kubwa la kuni sebuleni, na hajawahi kumaliza makala yangu hata moja. Amekuja na mablanketi mapya na amemtandikia kiti cha nyuma. Nilimwona kutoka dirishani akiyakunjakunja mablanketi yale vizuri, mtu mkubwa yule, nikajisikia kulia.

Wazee wengine wenye watoto wenye nafasi walikwishaondoka tangu juzi. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda. Na Mama.

"Siendi," Mama akasema.

"Mama, chumba hiki kina baridi kuliko stoo yangu ya matairi," Kaka akasema. "Twende, ukirudi jua utalikuta."

"Nikiondoka watasema mama wa Profesa amekimbia. Na yule Dizeli atacheka."

"Mwache acheke, ana meno yake."

Mama akanigeukia mimi. Haoni vizuri, lakini akitaka kukutazama anakutazama. "Wewe si uliandika? Mwalimu, hebu mkumbushe."

Mwalimu, kichwani amefunga mtandio juu ya kofia ya sufu, akasema kwa sauti ya darasani: "'Anayekimbia baridi ya mwaka wa kwanza atakufa kwa moshi wa mwaka wa kumi.'"

"Umesikia? Mimi sikimbii."

"Mama, ile ilikuwa makala tu."

Mama akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha: "Makala tu?"

Nikasema hapana, sikumaanisha hivyo, niliyaamini, bado nayaamini, ila tangi limeharibika na si kosa la wazo. Akasema kama si kosa la wazo basi akae. Nikasema baridi haisomi magazeti. Akasema hata mimi nikiwa mdogo nilikataa kutoka mtoni midomo imekuwa ya bluu, na hakuna aliyenibeba. Nimeshinda mijadala ya mawaziri na wakuu wa vyuo. Huu ulinishinda, maana kila neno aliloshika lilikuwa langu.

Kwenye korido Kaka alisema, bila hasira: "Mdogo wangu, umemfundisha vizuri." Akaacha mablanketi, akaondoka na gari tupu.

Jumapili, 23 Juni

Bwana Dizeli amebisha hodi nyumbani kwangu. Niliposikia ni yeye nilifurahi, naapa. Nilisema moyoni, hatimaye mtu wa kupigana naye. Nilikuwa na majibu yote tayari, na machache yalikuwa ya haki.

Akaketi, akatoa kalamu, akaomba vipimo vya tangi.

"Sema basi," nikamwambia. "Sema 'niliwaambia'."

"Bi Jua," akasema. Ndilo jina aliloniita mwaka mzima gazetini. "Niliwaambia. Nimeshasema. Sasa nipe vipimo, nimekuja kwa baiskeli na magoti yananiuma."

Tukapiga hesabu hadi chai ikapoa mara mbili. Alitafuta njia kwa uaminifu ambao ulinitia aibu. Mara mbili alidhani ameipata na mara mbili nilimwonyesha kosa, na kila mara nilitamani awe amenishinda. Mwisho akaweka kalamu.

"Kuna moja," akasema. "Maji dhaifu yanataka mabomba mengi. Ng'oeni mabomba ya ukutani ya vyumba vyote, yafungeni katika ukumbi mmoja, walaze wote humo. Haitakuwa joto. Itakuwa si baridi sana."

"Na kwa muda gani?"

Akatazama hesabu, akanitazama. "Kwani wewe hujui kusoma?"

Alhamisi, 27 Juni

Mafundi bomba wamemaliza. Kuta za ukumbi wa chakula zimejaa mabomba kama duka la vyuma. Vitanda vimesogezwa hadi vinagusana. Wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa jikoni, pazia la mashuka katikati, na Mwalimu anatawala pande zote mbili.

"Mzee wa kitanda cha pili," anasema, "unakoroma kwa makosa ya sarufi."

Ukumbi umefika nyuzi kumi na saba. Mama ananisifu mbele ya wote. Namwambia ni wazo la Dizeli. Anasema mimi huwa na huruma kwa walioshindwa.

Jumamosi, 29 Juni

Thelathini na tisa.

Jumanne, 2 Julai

Gazeti limechapisha makala yangu leo. Niliandika kwa ajili ya msomaji mmoja. Nilisema boila ingebaki. Nilisema Bwana Dizeli, na nikamtaja kwa cheo chake kamili, alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Kwamba anayewaondolea watu moto wa zamani kabla wa mpya haujapita kipupwe kimoja anacheza na roho za watu. Hakuna sentensi hata moja ya kupigiwa makofi.

Mwalimu aliisoma kimya kwanza. Akanirudishia gazeti. "Soma mwenyewe," akasema. "Mimi hii simsomei mwenzangu."

Nikasoma. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya mikono ya sweta.

"Nani amekulazimisha?"

"Hakuna, Mama. Nimeandika mwenyewe."

"Chuo kimekutisha?"

"Mama, nisikilize. Nilikosea. Nakuomba uende kwa Kaka."

Akapapasa akanishika kidevu, kama alivyonishika nikiwa na meno ya utoto. "Nakujua unavyoandika. Haya si maneno yako. Hayana hata kofi moja. Usiogope, mwanangu. Wanataka uone aibu. Mimi nipo hapa."

Ndiye mtu pekee ulimwenguni aliyeamini kila nililowahi kuandika, na siku nilipoandika kwa ajili yake hakuamini.

Ijumaa, 5 Julai

Thelathini na sita. Ukumbi kumi na nne. Mama anakohoa, anasema ni vumbi la mabomba.

Jumanne, 9 Julai

Nimonia. Alipoteza fahamu alfajiri, na kwa hiyo hakuweza kukataa. Kaka alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari la wagonjwa, miguu ya Mama inaning'inia na soksi mbili mbili. Mwalimu alisimama mlangoni na mtandio wake, hakusema kitu, na kimya cha mwanamke yule kilinitisha kuliko pumzi ya Mama.

Ijumaa, 12 Julai

Amefumbua macho leo. Wodi ya hospitali ni ya joto, joto zuri, linalokufanya ufungue vifungo. Alikaa muda mrefu akilisikiliza, kama mtu anayesikiliza muziki wa jirani.

"Hapa joto ni la nani?" akauliza.

Hospitali inapashwa kwa boila ya dizeli. Nilikwishaitaja gazetini kwa jina na kuiita fedheha.

"La Dizeli, Mama."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Usimwambie Mwalimu."

Kaka alitoka nje. Nilimsikia akicheka koridoni, halafu nikasikia si kicheko.

Jumamosi, 20 Julai

Thelathini na mbili. Sijui kwa nini bado naenda kusoma. Ni kama kumpima homa maiti.

Mzee wa kitanda cha pili amechukuliwa na mpwa wake. Mwalimu anasema sasa hapati usingizi kwa utulivu.

Jumapili, 28 Julai

Daktari wa wodi ni kijana mpole. Amesema mapafu yamepona yalivyoweza. Kutembea, hapana, tusimsubirie asichoweza. Nikamuuliza je, ni baridi iliyomfanya hivi, au umri, au moyo aliokuwa nao tangu zamani. Akasema vyote vinaweza. Nikamwambia achague. Akasema hawezi. Nikamwambia mimi ni mhandisi, nataka chanzo, akasema, "Profesa, hata nikikitaja hutakifanyia kitu."

Kisha nikauliza kuhusu kipupwe kijacho, na akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

Jumapili, 4 Agosti

Mama amerudi kwa wenziwe. Kaka alijaribu tena na gari, na mablanketi, na mke wake mwenyewe akaja kuomba. Hapana. Safari hii nilisimama pembeni nikatazama. Mwalimu alikuwa amempashia kitanda kwa kukilalia asubuhi yote.

Sista alinifuata bustanini. Tangu Juni alikuwa akinikwepa, na mimi nilikuwa nikimsaidia kunikwepa. Akasema ameomba uhamisho. Akasema kila akiiona skrini ile anaona mkono wake.

Nilitafuta hasira yangu. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimemwandikia kichwani makala kali kuliko zote. Sikuipata hata sentensi ya kwanza.

"Sista," nikamwambia, "ulinisikiliza. Watu wengi hupiga makofi tu."

Akalia. Sidhani nilimfariji. Sidhani nilitaka. Lakini amebaki.

Jumapili, 11 Agosti

Kivuli changu kimerudi. Nilikiona ukutani saa za asubuhi nikakisalimia.

Jumamosi, 17 Agosti

Jua kutwa. Kwenye skrini, juu kabisa ya rangi ile ya maji yaliyochoka, umetokea ukanda mwembamba wa rangi nyingine. Maji mapya, mepesi, yamekaa juu ya mengine bila kuyagusa. Bwana Dizeli alikuja na baiskeli akaleta kufuli kubwa la vali na funguo mbili. Mmoja akampa Sista. Nilisema kitu kuhusu kufuli na uhuru wa umma, kwa mazoea. Akasema, "Karibu tena, Bi Jua," akaenda zake.

Tutakuwa na msimu mzima wa kulijaza. Lifike themanini na nne, lifike tisini, hakuna atakayeligusa. Nimepiga hesabu na hesabu ni nzuri. Kwa ajili ya nani, hesabu haisemi.

Nilichota beseni la kwanza nikalipeleka ukumbini. Nikamketisha Mama ukingoni mwa kitanda, Kaka akamshika mgongo, nikamvua soksi. Miguu imekuwa midogo, na haisimami tena. Nikaiingiza majini.

Mwalimu aliinuka na mto wake aone.

"Haya, Mama," nikasema. "Ni joto la jua. Ni letu."

Mama akakunja uso, akasikiliza kwa nyayo. Ningeweza kumwambia chochote wakati ule na angeniamini. Sikusema kitu. Nilipiga magoti pale, nikangoja kama mwanafunzi.

"Vuguvugu," akasema.

Hakuitoa miguu. Tulikaa hivyo hadi maji yakapoa.